Baba wa Vifaranga vya Kanama

Katika kazi zote nilizowahi kufanya, iliyonifaa kuliko zote ni ile ya kukata mapezi ya samaki, kwa sababu haikunipa nafasi ya kukaa na kuwaza. Unamtoa samaki bwawani, unamshika kwa kitambaa kibichi, unamkata kipande cha pezi la mkia kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, unakitia katika kichupa chenye spiriti, unaandika namba, unamrudisha majini kabla hajalegea. Kisha unamchukua mwingine. Mikono ikiwa na shughuli, kichwa kilisahau kuniuliza nilikuwa nafanya nini Gisenyi.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, katika familia ya wakimbizi. Nilisomea ufugaji wa samaki kando ya Ziwa Viktoria, na nchi niliyofundishwa kuiita yetu niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nanyoa ndevu. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilipata kazi katika mradi mdogo wa kufuga sato. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani karibu na ufuko wa Gisenyi, na mabwawa yalikuwa juu Kanama, bondeni, pembeni mwa mto Sebeya. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama. Nikifungua mdomo sokoni wauzaji walitabasamu na kuniuliza natoka wapi, na jibu lolote nililotoa lilisikika kama uongo. Mama, aliyebaki Karagwe, alinituma nitafute kilima cha babu. Nilikitafuta. Kila mtu mzima niliyemuuliza alinyoosha kidole upande wake.

Basi nikawa mtu wa kwenda na kurudi. Asubuhi napanda Kanama kwa pikipiki ya mradi, jioni nashuka Gisenyi, na siku ambayo barabara ilifungwa kwa sababu ya mapigano nilizunguka mjini kama kuku anayetafuta pa kutagia: nafika ufukweni, nafika mpakani kutazama watu wanaovuka kwenda Goma na mizigo kichwani, narudi, natoka tena. Mwenye nyumba yangu alidhani nina deni mahali.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke aliyezaliwa Bukavu, akasomea Ulaya, akarudi na shahada ambayo alikuwa bado hajaimaliza. Sote tulimwita Madame. Alikuwa na sauti ya chini na subira ya mvuvi wa ndoana, na alitusemesha Kiswahili cha Kongo kilichopakwa Kifaransa. Ndiye aliyenieleza kwa nini tunakata mapezi, maana chuoni kwetu tulifundishwa kuchagua samaki kwa macho na mizani tu.

Kanama ni baridi, na sato hupenda maji ya vuguvugu. Kule juu hukua polepole, kisha huzaa mapema na kulijaza bwawa vitoto visivyokua, vyote sawa na kiganja cha mtoto. Tulitaka kuwatafuta wale wachache wanaokua bila kujali baridi, tuwafanye wazazi. Shida ni kwamba ukichagua wakubwa kwa macho unaweza kuchagua ndugu watupu bila kujua, ukawaoanisha wao kwa wao, na vizazi vichache baadaye wote wakadhoofika. Na kwa sato, mama unamjua, kwa sababu hubeba mayai na watoto mdomoni mwake. Baba ndiye usiyemjua. Madume kadhaa huogelea bwawa moja na hakuna anayetoa ushahidi.

Madame alisema ushahidi upo, umejificha katika vinasaba. Kuna sehemu za vinasaba, alisema, ambazo herufi zake hujirudia kama mtu mwenye kigugumizi. Huyu anarudia mara chache, yule anarudia mara nyingi, na kila mtoto huchukua kigugumizi kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Ukisoma sehemu kadhaa za namna hiyo, ukalinganisha kipande cha pezi la mtoto na vya madume wote, baba anajulikana. Alama hizo ndizo tulizokuwa tunazitafuta. Kanama hapakuwa na maabara ya kuzisoma, kwa hiyo alivifunga vichupa katika sanduku na kusafiri navyo mwenyewe kurudi chuoni kwake.

Mabwawa yalitunzwa na mwanamke wa pwani ya ziwa la Gisenyi, mjane, ambaye zamani aliuza sambaza, dagaa wa ziwa lile, Gisenyi na Goma. Mikono yake ilikuwa mipana na alitembea kwa haraka huku ameinama mbele kidogo, kana kwamba daima ana beseni kichwani. Aliishi katika nyumba ya matofali juu kidogo ya bwawa la kwanza pamoja na binti mdogo ambaye wakati ninaoukumbuka alikuwa wa miaka mitano hivi. Binti alimwita Maman, na mgeni asingejua kwamba hakumzaa. Lakini Kanama nzima ilijua, na mama mwenyewe hakuficha. Mwaka ule watu walipovuka kwa wingi kwenda Goma na kipindupindu kikawafuata huko, alimkuta mtoto ameketi juu ya mawe meusi ya volkano, kando ya mwanamke aliyelala ambaye hangeamka. Mtoto hakuwa analia. Mama wa mabwawa alimweka mgongoni, akamfunga kitenge, akaendelea kutembea. Alinisimulia hayo akiwa anasafisha wavu, bila kuinua uso.

Mvua za mwaka ninaousimulia zilikuwa kali. Sebeya ilipanda na udongo wake mwekundu, ikabomoa ukingo wa bwawa la chini, na tukalazimika kutafuta watu wa kuchimba na kuujenga upya. Miongoni mwao alikuwa mwanamume mmoja mrefu na mkimya, seremala aliyekosa kazi ya useremala. Alikuwa mmoja wa wale waliorudi kwa miguu kutoka misitu ya Kongo. Watu wa hivyo walikuwa wengi, na hatukuwauliza maswali.

Siku yake ya kwanza, saa ya kupumzika, binti alipita akimkimbiza bata. Yule mwanamume aliacha koleo likamtoka mkononi. Nilikuwa nimesimama jirani nikadhani amejikata. Akasema kwa sauti, mbele ya wachimbaji wote, kwamba yule ni mtoto wake, ana uso uleule wa mama aliyemzaa. Alipotezana na mke na mtoto Goma, akasema, katika ule msukumano.

Mama wa mabwawa alisikia. Alimwita binti ndani, akafunga mlango, na siku ile chakula cha samaki nilikitupa bwawani mimi.

Siku hizo watoto waliopotea walikuwa wakitafutwa kila mahali, na kila mtu alijua namna ya kufanya. Anayesema mtoto ni wake huulizwa alama: ana baka wapi, kovu gani, alipenda kulala vipi. Wachimbaji walingoja mama wa mabwawa atoke amuulize yule seremala. Majirani walingoja. Hakumuuliza. Alimwambia tu, kesho yake, kwamba Goma ilijaa watoto na nyuso hufanana. Mwanamume hakubishana. Alirudi kuchimba. Ila tangu siku hiyo alifika kabla ya wenzake na kuondoka baada yao, na binti, ambaye hakuna aliyemweleza kitu, akazoea kumpelekea maji ya kunywa.

Mimi sikutulia. Sikuelewa watu wawili wawezaje kufanya kazi bwawa moja na swali kama lile limesimama katikati yao. Nilimwambia mama wa mabwawa kwamba lazima jambo hili lijulikane. Aliniambia, kwa upole, kwamba niende nikapime joto la maji.

Madame alirudi kutoka Ulaya msimu wa kiangazi. Alipanda nasi Kanama, akaketi ukingoni mwa bwawa la kwanza na viatu vyake vya mjini, akatueleza majibu. Tulikuwapo mimi, mama wa mabwawa, na yule seremala aliyekuwa akitengeneza mlango wa maji hatua chache kutoka pale.

Habari haikuwa nzuri wala mbaya. Samaki tuliowachagua kwa kuwa wakubwa, alisema, sehemu kubwa yao ni watoto wa dume mmoja. Si lile dume kubwa tulilokuwa tukilisifu, bali jingine la kawaida ambalo hakuna aliyekumbuka hata sura yake. Maana yake ni kwamba tungewaoanisha hao, tungekuwa tunaozesha ndugu kwa ndugu. Tungehitaji madume wengine, wa damu nyingine.

Kisha akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa la kufurahisha tu. Baadhi ya vifaranga vya samaki tulivyovitoa mdomoni mwa majike havikuwa na uhusiano wowote na jike aliyevibeba. Alama zao na zake hazikukutana popote.

"Donc, hawa si watoto wake kabisa," alisema. "Walipotea kwa mama yao, yeye akawaokota na kuwabeba pamoja na wake. Hajui tofauti. Ama anajua, na hajali. Hiyo, maabara haiwezi kutuambia."

Mama wa mabwawa aliinuka akaenda kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi. Nyundo ya seremala ilinyamaza. Madame alinitazama, hakuelewa, na mimi nikaanza kumweleza kwa sauti ya chini habari yote. Nilipomaliza alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Mama wa mabwawa alirudi na ndoo yake tukiwa bado tumekaa. Alisimama mbele ya Madame.

"Ile kitu munafanya kwa samaki," aliuliza, "inawezekana kwa mutu?"

Madame akajibu kwamba inawezekana. Tone la damu la mtoto na tone la damu la mwanamume, yakaushwe juu ya karatasi. Si kazi ya maabara yake, lakini ana rafiki katika hospitali moja huko anayeweza kuifanya. Akasema pia kwamba si lazima.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu kuliko yale ya kufungiwa barabara. Asubuhi nikifika, mama wa mabwawa ananiambia amekubali, nimwambie Madame. Mchana ananiambia niache. Siku moja alikuwa anataka majibu yaje haraka apumue. Siku nyingine aliniuliza kama damu huweza kukosea, na nilipomwambia kwamba ni vigumu, akasema basi haitaki. Alikonda. Alianza kumbeba binti mgongoni tena, mtoto mwenye miguu mirefu iliyoning'inia, akiwa anatupa pumba bwawani. Nami nilipanda na kushuka na ujumbe unaogeuka njiani, na kwa kuwa nilitaka kujua kuliko wao wote, kila alipokataa nilitafuta neno la kumrudisha. Nilimwambia kwamba kujua ni bora. Nilimwambia kwamba binti mwenyewe atakuja kuuliza siku moja. Nilisema kama mtu aliyesahau kwamba yeye mwenyewe ameshindwa kupata kilima kimoja.

Mwisho alikubali, na seremala naye alipoulizwa alitikisa kichwa kwa kukubali. Madame alipanda Kanama Jumamosi moja na karatasi zake, pamba na sindano, akaviweka juu ya kitambaa mezani, mbele ya nyumba ya mama wa mabwawa. Seremala alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Binti alikaa mapajani mwa mama yake akiichezea ncha ya kitenge.

Madame alieleza kila kitu kwa Kinyarwanda, taratibu, hata nami nikaelewa karibu yote. Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana. Hakuna la katikati. Mwanamume alisikiliza akitazama mikono yake. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili alichokipata Kongo, nadhani kwa ajili yangu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele kama hakimu.

"Madame, karatasi ikisema ndiyo, nitamukamata huyu mutoto mukono, na huyu mama atabaki na nyumba mutupu. Ikisema hapana, mi narudi kuwa mutu asiye na mutu. Mu hizi majibu mbili, ni gani iko muzuri?"

Madame alisogeza sindano pembeni. "Hakuna," akasema.

"Bon. Tuache damu ikae mu mwili."

Aliinuka akaweka kiti alichokalia mahali pake, karibu na ukuta. Alikuwa amefika kwenye njia ndipo mama wa mabwawa alipozungumza. Hakumwita kwa sauti, lakini alisikia.

"Kesho ni dimanche," alisema. "Ukuje. Utakula na sisi."

Madame alifungua chupa yake ya maji akanywa yote. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi nilikasirika, na njiani kuelekea Gisenyi nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba tunasafirisha vipande vya mapezi mpaka ng'ambo ya bahari ili tujue baba wa samaki atakayeliwa, na mtoto wa mtu tunamwacha hivi hivi. Alinijibu kwamba yeye ni mtu wa samaki, na kwamba amefurahi kubaki hivyo.

Seremala alikuja ile Jumapili, na Jumapili iliyofuata. Alileta kigoda kidogo alichokichonga, kisha kitanda cha mwanasesere, kisha kabati. Binti, ambaye watu wazima walikuwa wameshindwa kumpa neno la kumwitia yule mtu, alijitafutia mwenyewe: Papa wa Dimanche, baba wa Jumapili. Jina likamshika, hata wachimbaji wakamwita hivyo katikati ya wiki.

Kazi ya samaki iliendelea. Madame alipata habari ya bwawa la parokia moja Cyanzarwe, karibu na mpaka, lenye sato ambao hawajawahi kuchanganyika na wetu. Tulihitaji madume kutoka kule. Gari la mradi lilikuwa limeharibika, na barabara ya Cyanzarwe ilikuwa inafunguliwa asubuhi tu na kufungwa mapema, kwa hiyo iliamuliwa niende kwa pikipiki na mtu wa kushika bidoni, yale madumu ya kubebea samaki. Seremala alijitolea. Alizijua njia zile.

Kwenda hakukuwa na shida. Tulivua madume tuliowataka, nikakata mapezi yao palepale na kuvitia vipande katika vichupa, tukawaweka samaki ndani ya bidoni mbili zilizokatwa juu na kufunikwa wavu. Moja nilifunga mbele yangu juu ya tangi, ya pili aliikumbatia yeye nyuma. Maji yalitumwagikia kila kwenye shimo. Nilikuwa nasikia muda ukikimbia. Askari wa kizuizi walikuwa wametuambia tusichelewe, na samaki katika maji machache hufa bila kelele, unafungua wavu unakuta wamegeuza matumbo.

Katikati ya njia alinigonga bega nisimame. Samaki wake walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Tuliwashusha kwenye kijito, tukabadilisha maji kidogo kidogo, naye akapiga magoti akaanza kukoroga maji ya bidoni kwa mkono, akiyachota na kuyaachia kutoka juu ili yapate hewa. Mimi nilizunguka pikipiki. Nilimwambia tuondoke. Akasema bado.

"We unanikasirikia," akasema akiendelea kukoroga. "Tangu ile siku ya sindano."

Nikasema sina hasira. Nilitaka tu kuelewa mtu anawezaje kukataa kujua.

Alimgeuza dume mmoja aliyelala ubavu, akamshika wima mpaka samaki akasimama mwenyewe.

"Mutoto wangu aliungua na imbabura," alisema, na imbabura ni lile jiko la makaa. "Alikuwa anaanza kutembea, akaangukia. Hapa." Alijipangusa mkono akanionyesha shavu la mguu wake. "Ngozi ilivutika kama ya ngoma. Alama kama ile haitokake."

Nilisimama. Yule binti nilikuwa nimemwona mara nyingi akiingia bwawani nguo amekunja juu ya magoti. Miguu yake ilikuwa laini, yote miwili, haina kitu isipokuwa tope.

"Uliona miguu yake," alisema.

"Niliona."

"Na mi niliona. Wiki ya kwanza tu. Lakini neno nilishaisema mbele ya watu."

Nilimuuliza kwa nini hakulirudisha.

"Nilitaka. Halafu akaniletea maji mu kikombe. Akasimama pale mpaka nimalize, kwa sababu alitaka kikombe yake."

Nikamuuliza kama mama wa mabwawa anajua. Akasema yule mama hajawahi kumuuliza alama, naye mwenyewe hajamwambia, na hajui kama yale ni mambo mawili au ni jambo moja. Kisha akanyanyua bidoni na kusema sasa samaki wanaweza.

Sikumbuki sehemu iliyobaki ya njia. Nakumbuka tulipita kizuizini askari akiwa tayari ameshika kamba, na nakumbuka kwamba dume mmoja alikuwa amekufa tulipofika, mmoja tu, na mama wa mabwawa alimpeleka jikoni.

Sikumwambia mtu. Si Madame, ambaye aligundua kwamba nimeacha kuuliza na akafikiri nimekua. Si mama wa mabwawa, ingawa mara kadhaa tukiwa tunavuta wavu nilihisi anajua kwamba ninajua, na kwamba ananitegemea nisiseme. Huenda nilijitungia. Kukaa na jambo kama hilo hakukunituliza hata kidogo. Nililala vibaya zaidi kuliko zamani, nilitembea ufukweni zaidi. Ila nilianza kwenda kwao Jumapili, nikialikwa na nisipoalikwa.

Madume wa Cyanzarwe tuliwaoanisha na majike wetu. Tulikata mapezi ya kizazi kile, vichupa vikasafiri, majibu yakarudi, na mara hii tulijua kila mmoja ni wa nani na nani hapaswi kuolewa na nani. Walikua vizuri zaidi katika maji yale ya baridi. Si muujiza. Ukiwaweka juu ya sahani pembeni ya wale wa zamani ungeona tofauti, ila ungepaswa kwanza kuambiwa uangalie. Madame alikuwa anasema kazi hii ni ya vizazi na sisi tumeanza tu, na alikuwa sahihi. Lakini vita ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimewaka upya, wafadhili wakachoka, na mradi ukafungwa kabla hatujakata kizazi cha tatu. Mabwawa yalikabidhiwa chama cha wanawake wa bonde lile, na mama wa mabwawa akawekwa mbele yao. Madame alirudi Ulaya kumaliza shahada yake. Mimi nilipata nafasi kusini, karibu na Butare, mahali ambapo sikumjua mtu. Nilishukuru. Nilikuwa naondoka tena.

Jumapili yangu ya mwisho nilikula nao. Seremala alikuwa ametengeneza meza, na alikuwa ameipima vibaya, mguu mmoja ulipungua, kwa hiyo kila aliyeegemea aliinamisha sahani za wenzake. Mama wa mabwawa alipika sato na ndizi. Binti alidai kichwa cha samaki, na seremala alidai kichwa hupewa mgeni, wakabishana juu yangu kana kwamba sipo. Mwishoni binti alishinda. Alikichambua kwa vidole, mfupa kwa mfupa, na macho ya samaki alimpa mama yake, ambaye aliyala.

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka juu na nilisema lazima niwahi. Mama wa mabwawa alinifungia vipande vya samaki vilivyokaushwa katika jani la ndizi. Aliniambia nikifika huko niwatunze samaki wa watu, na nile.

Pikipiki ilikataa kuwaka. Niliipiga teke mpaka goti likauma. Seremala alitoka nje akitafuna, akaniambia nikae, nitie gia, nishike klachi. Akanisukuma kwa nyuma kuelekea mteremkoni, polepole, kisha kwa kukimbia, na viatu vyake nilivisikia vikigonga changarawe. Matone ya kwanza yalianza kuanguka. Injini ikashika kwa ghafla, pikipiki ikaruka mbele, na kona ilikuwa karibu mno kwangu kuachia mkono hata mmoja nimuage.